Feni inazunguka, joto halishuki

Juu ya meza yangu ya kazi hapa Wete, kisiwani Pemba, pametundikwa kipimajoto cha ukutani, kile cha kioo cha bei rahisi, na wateja wengi hudhani ni pambo. Mimi hukisoma kabla sijafungua kompyuta yoyote iliyoletwa kwa malalamiko ya joto. Namba zote nitakazozikuta ndani ya mashine nazipima kwa hiyo ya ukutani, na bila yake ni tarakimu tu.

Nimeona niandike kwa sababu ya vijana wanaonitumia picha za skrini kwenye WhatsApp. Mtu kapakua programu ya kupima joto, kaona prosesa yake, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote, iko nyuzi 55 na hana alichofungua ila kivinjari, na mahali fulani kasoma kwamba kompyuta iliyotulia haitakiwi kupita 40. Roho juu. "Fundi, yaungua hii?" Haiungui. Aliyeandika hiyo 40 amekaa kwenye chumba cha nyuzi 20, tena pengine kavaa sweta. Sisi hapa mwezi wa Februari, saa nane mchana, kaskazi imelegea, chumba cha bati kisicho na dari kinafika 33 na kupita. Ukizichukua namba za Ulaya ukazileta Pemba kama zilivyo, kila mashine itaonekana mgonjwa.

Feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuiondoa hewa iliyokwisha kupata joto na kuingiza nyengine mahali pake, basi. Hewa ya nyuzi 33 haiwezi kuipoza prosesa ikafika 32, hata ukiizungusha feni mpaka ing'oke. Chukua kipoozeo, kile chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa, ambacho kwa kila wati moja ya joto inayopita ndani yake hupanda nusu nyuzi. Prosesa ikila wati 65, itakaa nyuzi 32 na nusu juu ya hewa inayokifikia kipoozeo. Hewa hiyo ikiwa 21, utasoma kama 54. Ikiwa 33, kipoozeo kilekile na kazi ileile, utasoma 66 hivi. Hakuna kilichoharibika hapo. Na tena, hewa inayokifikia kipoozeo si ya chumbani moja kwa moja. Ni ya ndani ya kasha, ambayo imeshapitia kwenye diski na kwenye madabodi, ile bodi kuu inayobeba vyote, kwa hivyo ongeza nyuzi kadhaa.

Ndiyo maana kwenye daftari langu siandiki "prosesa 70". Naandika tofauti: prosesa kutoa chumba. Mashine ya ofisi ya kawaida, yenye kipoozeo chake cha kiwandani na ikiwa safi, ukiipa kazi nzito hupanda nyuzi 30 mpaka 40 juu ya chumba. Tofauti hiyo haibadiliki sana baina ya kaskazi na kusi. Ikibadilika, mashine ndiyo iliyobadilika, na hapo kuna jambo la kutafuta.

Sasa namba zenyewe zinatoka wapi. Zinatoka sehemu mbili, na watu wengi huzichanganya.

Sehemu ya kwanza ni ndani ya prosesa. Prosesa za Intel tangu zama za Core zina vihisi vya joto ndani ya viini vyake, yaani zile sehemu zinazofanya hesabu, na kihisi hicho kwa hakika hakisemi "niko nyuzi 60". Kinahesabu kurudi nyuma: kinasema kimebakisha nyuzi ngapi kukifikia kikomo chake, ambacho kwenye nyingi ni 100 au karibu ya hapo. Programu ndiyo inayochukua 100, ikatoa 40, ikakuandikia 60. Kwa sababu hiyo namba zilizo karibu na kikomo ni za kutegemea, na zile za mashine iliyopoa kabisa zinaweza kukosea kwa nyuzi kadhaa. Usigombane na nyuzi mbili tatu asubuhi. Kwa AMD, mshindani wa Intel, kuna kisa chengine: Ryzen 7 1700X na 1800X za mwaka 2017 zilikuwa zikitoa namba iliyoongezwa nyuzi 20 makusudi, kwa ajili ya kuendeshea feni. Mtu asiyejua akawa anaona 58 mashine ikiwa imekaa tu, kumbe ukweli ni 38. Programu za siku hizi zinazitenganisha namba hizo mbili, lakini bado nakutana na watu wenye programu kongwe.

Sehemu ya pili ni chipu ndogo kwenye madabodi, ya kampuni ya ITE au Nuvoton mara nyingi, na kwenye mashine za zamani Winbond. Chipu hiyo ndiyo inayoangalia mambo madogomadogo ya nyumba: kibodi ya tundu la duara, bandari za zamani, volti, joto la madabodi, na feni. Chomoa feni ya prosesa uitazame waya zake. Kwenye nyingi za waya nne, mweusi ni wa kurudishia umeme, wa manjano unaleta volti 12, wa kijani unapeleka habari, wa buluu unaleta amri. Wa kijani ndio unaotuhusu. Kila feni inapozunguka duara moja unatoa mapigo mawili, na kutokana na mapigo hayo chipu hupata mizunguko kwa dakika. Feni ya waya mbili haina habari ya kukupa. Itazunguka na itakufa bila ya madabodi kujua. Feni ya ndani ya pawa saplai pia kwa kawaida huwa haionekani, hiyo utaisikiliza kwa masikio na kuipima kwa kiganja nyuma ya kasha.

Kuzisoma ni rahisi. Kwenye Linux, Ubuntu au Mint au Debian, unasakinisha programu ya lm-sensors, unaendesha `sudo sensors-detect`, inakuuliza maswali mengi na wewe unabonyeza Enter tu kukubali majibu yake yenyewe. Nasema Enter tu kwa sababu majibu hayo yamechaguliwa kwa tahadhari. Zamani kulikuwa na ThinkPad za IBM zilizoharibika kwa kupekuliwa ovyo na programu ya aina hii. Ukimaliza, andika `sensors`, au `watch sensors` ukitaka namba zijibadilishe mbele ya macho yako. Kwenye Windows kuna HWiNFO na LibreHardwareMonitor, zote za bure. SpeedFan ilikuwa mfalme wakati wake, lakini kwenye madabodi mpya haijui hata inachokisoma.

Na ukitaka kusoma ndani ya BIOS, ile programu ya madabodi inayoamka kabla ya Windows, soma, ila usishangae joto likiwa juu kuliko ulivyotarajia. Mle ndani prosesa kwa kawaida hailali, zile hila za kupunguza umeme bado hazijaanza kufanya kazi. Kijana mmoja wa Konde aliniletea mashine yake kwa sababu BIOS imeonesha 52 na Windows 41. Nikamwambia arudi nayo nyumbani.

Vihisi vinasema uongo, tena uongo wa wazi. Utaona mstari wa joto umeandika nyuzi 128 chini ya sifuri. Mwengine 127. Hizo ni pini ambazo mtengenezaji wa madabodi hakuziunganisha na kitu chochote, na chipu inasoma hewa tupu. Ninachofanya ni kuipa mashine kazi nzito dakika kumi hivi, kwa amri ya `yes` iliyoelekezwa /dev/null mara moja kwa kila kiini, kisha naiachia ipumue. Mstari unaopanda na kushuka pamoja na prosesa ni hai. Unaopanda polepole na kuchelewa kushuka ni wa madabodi. Usiosogea hata nukta, usipoteze muda nao.

Feni nazo zina uongo wao. Chipu za zamani hazikuhesabu mapigo; zilihesabu muda baina ya pigo na pigo, kwa kaunta isiyopita 255. Feni ikiwa ya pole, kaunta inajaa kabla ya pigo jengine kufika, na chipu inaandika sifuri. Kuna kigawanyo kinachoipunguzia kaunta mwendo, na kwa kigawanyo cha 2, ambacho ndicho kilichozoeleka, feni yoyote iliyo chini ya mizunguko kama 2,650 inaonekana imesimama. Kwenye Linux unalifungua faili la `fan1_div`, unaweka 8 badala ya 2, na ile sifuri inageuka 900. Nimewahi kuona feni nzima imetupwa jaani kwa sababu hiyo. Kabla ya kuamini sifuri, funua ubavu wa kasha utazame kwa macho.

Volti nazo zimo humo, lakini tahadhari. Chipu haiwezi kupokea volti 12 moja kwa moja, kwa hiyo madabodi huigawa kwanza kwa vizuizi vya umeme, na programu isiyojua mgawo wa madabodi yako itakuandikia 12 kuwa 8 au 4. Ukiona hivyo chukua mita, pima kwenye waya wa manjano wenyewe. Ikiwa baina ya 11.4 na 12.6 pawa saplai iko ndani ya kipimo chake.

Tuje kwenye jambo lililonipa kichwa cha makala hii. Watu wakiona feni inasoma mizunguko 2,400 wanaridhika. Feni nzima! Wanakwenda kununua programu ya kuua virusi. Lakini ule waya wa kijani unahesabu mizunguko ya feni, hauhesabu hewa iliyopita. Feni inaweza kuzunguka kwa kasi yake yote mbele ya mapezi ya alumini yaliyoziba, na namba ikabaki nzuri kabisa. Kwa hiyo kasi ya feni peke yake hainiambii kitu, na joto peke yake halinambii kitu. Yakikaa pamoja, na kipimajoto cha ukutani pembeni, ndiyo yanasema.

Mwaka jana msimu wa karafuu niliitwa Chake Chake na bi mkubwa mmoja mwenye steshenari: kutoa kopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Mashine yake ilikuwa inagandaganda kila ikifika saa tano, na kijana wake kashaifomati. Niliweka `sensors` tukaitazama sote. Chumba 31, feni 2,400, prosesa 88. Tofauti ya 57.

"Mwanangu, feni naisikia yanguruma, leo waniambia haipulizi?"

"Yapuliza mama, hewa ndiyo haina pa kupita."

Nikaifungua palepale kwenye kaunta. Nje ya duka lake, upenuni na mpaka ukingoni mwa barabara, karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi, na kila zinapogeuzwa kwa miguu vumbi lake jembamba na vipande vya makonyo vinaingia ndani. Feni ya kopi inavuta, ya kompyuta inavuta. Nilipoinua feni ya prosesa, chini yake mapezi hayakuonekana. Vumbi lilikuwa limejishona kama busati, la rangi ya kahawia, lina nyuzi za kanga ndani yake na linanukia karafuu. Nililiinua zima kwa ncha ya bisibisi, likatoka kipande kimoja cha duara chenye umbo la feni. Bi mkubwa akacheka akamwita mwanawe aje aone.

Tulipofunga na kuipa kazi ileile, chumba bado 31, prosesa ilisimama kwenye 66 na feni ikashuka yenyewe mpaka 1,700, kwa sababu madabodi haikuwa na haja ya kuikimbiza tena. Angalia: kabla, feni kasi kubwa na joto kubwa. Baada, feni kasi ndogo na joto dogo. Aliyekuwa anaangalia feni tu angesema nimeiharibu.

Hali hiyo ya kwanza, feni juu na joto juu, karibu kila mara ni njia ya hewa iliyoziba, au pesti ya baina ya prosesa na kipoozeo imekauka. Feni ikiwa chini na joto liko juu, tazama feni yenyewe au mpangilio wake kwenye BIOS. Feni inayorukaruka, sekunde hii 1,800, ijayo 600, kisha 1,750, ina ugonjwa wa beringi au ina kutu kwenye pini, na sisi tunaoishi karibu na bahari tunaijua kutu hiyo: rangi ya kijani kwenye shaba, unaifuta kwa spiriti na brashi ya meno, na mara nyengine habari inakuwa imekwisha. Feni ikisoma sifuri ghafla baada ya kuwa nzima jana, funua kasha kwanza. Mara zaidi ya moja nimemkuta mjusi kafiri kabanwa baina ya panga la feni na fremu yake. Huingia kufuata joto na sisimizi.

Kwa mwenye mashine nyingi za aina moja, kazi ni nyepesi zaidi kwa sababu zinajilinganisha zenyewe. Nilikwenda skuli moja ambayo chumba chake cha kompyuta kilikuwa kinalalamikiwa kuwa mashine zote mbovu. Kiyoyozi kimekufa zamani, madirisha yamefungwa kwa hofu ya wezi. Nikazipa zote kazi sawa kwa wakati mmoja, nikapita na daftari. Zote zilikuwa nyuzi 34 mpaka 38 juu ya chumba, isipokuwa moja iliyokuwa 52. Ile moja ilikuwa na pesti iliyogeuka unga. Nilipoifuta nikagundua kuna aliyewahi kutia dawa ya meno mahali pa pesti, na harufu ya minti bado imo. Dawa ya meno hufanya kazi siku chache halafu hukauka. Mashine zilizobaki hazikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa chumba, ambacho somo likianza kilikuwa 32 na somo likimalizika 36. Kompyuta ishirini na skrini zake, kila moja ikila kama wati 100, zinamwaga wati 2,000 za joto ndani ya chumba kilichofungwa, na kila mtoto aliyekaa pale anaongeza wati 100 nyengine za mwili wake. Nilimwambia mwalimu mkuu asinunue feni hata moja. Madirisha ya pande mbili yawekewe nondo na wavu, yafunguliwe. Alinitazama kwa muda, nadhani alitarajia ankara kubwa zaidi.

Kuhusu virusi. Huku kwetu mashine ikiwa nzito, neno la kwanza ni virusi. Ukweli ni kwamba prosesa inapokifikia kikomo chake hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mtumiaji huona panya inakwama na ukurasa haufunguki. Ikizidi kupanda hujizima kabisa. Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionesha filamu fupi wakiondoa vipoozeo kwenye prosesa zikiwa zinafanya kazi: Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea, Athlon ya wakati ule ikatoa moshi. AMD nao wakatia ulinzi baadaye, kwa hiyo siku hizi joto linaua kasi kabla ya kuua chipu. Dalili yake unaiona kwa kuangalia namba mbili kwa pamoja, joto na megahezi, yaani kasi ya prosesa. Joto likigonga 95 au 100 na megahezi zikaanguka papo hapo, hakuna haja ya kufomati.

Kusafisha kuna adabu zake. Kompresa ya kujazia matairi ina nguvu na ina maji ndani yake, na ukiielekeza kwenye feni inaizungusha kupita kiwango chake mpaka beringi inalia, na feni inayozungushwa hivyo huzalisha umeme na kuurudisha kwenye madabodi. Zuia panga kwa kidole au kijiti, uipulize kwa mbali, na toa hewa ya mwanzo pembeni mpaka maji yaishe. Nyumba za chokaa zina vumbi lake zito linaloshika, hilo linataka brashi laini kwanza. Pesti mpya, tone dogo katikati, kipoozeo kitalisambaza chenyewe. Anayeipaka yote kama siagi anapoteza pesa zake. Na beringi ikianza kulia, usitie mafuta ya nazi. Najua kila nyumba yanapatikana, lakini yanaganda na kunata na feni itasimama kabisa. Mafuta ya cherehani, tone moja, chini ya ile stika iliyo katikati ya feni. Beringi ya bushi itakushukuru miezi kadhaa, kisha ununue feni mpya.

Kuna wanaotaka kuendesha feni wenyewe, na Linux inaruhusu. Faili la `pwm1` linapokea namba kuanzia 0 mpaka 255, na kuna `pwmconfig` inayokupima feni zako moja moja, kwa kuzisimamisha kidogo, na kuandika mpangilio ambao `fancontrol` inaufuata. Mimi kwa mashine za wateja sifanyi hivyo. Programu ikikwama feni inabaki ilipo, na mteja hayupo karibu. Naingia kwenye BIOS, nabadilisha mpando wa feni pale, yaani kasi ya feni kwa kila joto, madabodi inaushughulikia hata Windows ikiwa imeganda. Mpando wa kiwandani mara nyingi umewekwa kwa vyumba vya baridi: feni inaanza kukimbia prosesa ikifika 50, na kwa joto la Wete 50 ni asubuhi na mapema. Mwenye duka anasikia mvumo siku nzima bila ya faida. Naisogeza iwe pole mpaka 60, ipande taratibu, na ifike kasi kamili kwenye 80. Hewa inayopita inaongezeka sawa na kasi, lakini umeme unaoliwa na feni unaongezeka kwa kasi mara kasi mara kasi, na kelele ndiyo usiseme. Feni ya 3,000 badala ya 2,000 inaleta hewa nusu zaidi na inakula umeme zaidi ya mara tatu.

Wanaokumbuka Pemba ya kabla ya 2010, kabla ya waya wa chini ya bahari kuletwa kutoka Tanga, wanakumbuka umeme wa majenereta ya Wesha na jinsi mashine zilivyokuwa zikizimwa ghafla na kuwashwa tena zikiwa bado za moto. Hiyo imepungua, lakini bado umeme ukikatika feni zote husimama kwa pamoja na joto lililobaki kwenye chuma linapanda kidogo kabla ya kushuka. Prosesa haijali. Diski ya kuzunguka inajali zaidi, na hiyo watu huisahau kwa sababu haina feni yake.

Kwa diski siangalii tofauti, naangalia namba yenyewe. Watengenezaji wengi wameweka kikomo cha nyuzi 60 kwa diski za mezani, na hizo hazina hila ya kujipunguzia kasi. Tangu toleo la 5.6 la kiini cha Linux (kernel), mwaka 2020, kuna moduli iitwayo `drivetemp`. Andika `sudo modprobe drivetemp` na diski yako itatokea kwenye `sensors` pamoja na wenziwe. Kwenye chumba cha 33, diski iliyobanwa juu ya kasha chini ya pawa saplai nimeikuta 53 na hakuna hata upepo wa kuipitia. Naishusha tundu la chini, mbele. Kama kasha halina feni ya mbele natia moja ya milimita 120 iliyotoka kwenye mashine iliyokufa, mradi iwe na waya wa tatu, ili nami niione ikihesabiwa.